Maharage yamekosa nini?

Barua za mwezi huu karibu zote ni za maharage. Chanzo ni video inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp: daktari wa Marekani, kawekewa sauti ya Kiswahili, anasema mbegu za jamii ya kunde zina sumu inayotoboa utumbo. Mimi nimezaliwa Same, nimekuzwa kwa makande, na kazi ya lishe nimeifanya Kilimanjaro hadi kustaafu. Kwa hiyo msitegemee niwe mpole sana katika hili. Nimechagua barua nne.

Shikamoo mama. Mimi ni fundi ujenzi hapa Arusha, nina miaka 34. Vidonda vya tumbo vinanisumbua mwaka wa tatu sasa. Baada ya ile video niliacha maharage, kunde, mbaazi, nyanya, hata ugali wa dona, maana alisema vyote vina lektini. Nakula chipsi mayai, wali, na nyama choma nikipata hela. Tumbo linatulia siku mbili halafu linarudi palepale, na choo kimekuwa kigumu. Mgongo ukiniuma baada ya kumwaga zege nameza diklofenaki ndipo naweza kuamka kesho yake. Mke wangu anasema nimekonda na nawatesa nyumba nzima kwa masharti. Je, ni kweli maharage yanatoboa utumbo?

Marahaba, mwanangu. Mkeo yuko sahihi.

Lektini zipo, yule daktari hakuzibuni. Ni protini ambazo mmea huzihifadhi zaidi kwenye mbegu, na kazi yake ni kunasa sukari zilizoko juu ya seli. Mwaka 1888 Hermann Stillmark, akiwa katika Chuo Kikuu cha Dorpat, mji unaoitwa leo Tartu huko Estonia, alieleza protini ya namna hiyo aliyoipata kwenye mbegu za nyonyo. Ile ya nyonyo inaua, na ndiyo maana watoto hukatazwa kuzichezea. Maharage nayo yana ya kwake, na mekundu yamezidi wenzake. Ukiyala mabichi, protini hiyo haimeng'enywi kirahisi. Hufika kwenye utumbo mdogo ikiwa nzima, hung'ang'ania seli za ukuta na kuziumiza. Punje nne au tano mbichi zinatosha kumtapisha na kumharisha mtu mzima ndani ya saa moja mpaka tatu. Kwa kawaida hupona siku hiyohiyo, lakini hatasahau.

Sasa niambie, nani nchi hii anatafuna maharage mabichi?

Nguvu ya lektini hupimwa kwa jinsi inavyogandisha chembe nyekundu za damu. Kwa kipimo hicho, maharage mekundu mabichi yana uniti kati ya 20,000 na 70,000. Yakichemshwa yakaiva hubaki na 200 hadi 400. Hapo ndipo video ilipokata maneno. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, nchi ya huyohuyo daktari, haiwakatazi watu wake maharage. Inawaambia waloweke angalau saa 5, wamwage maji yale, waweke mapya, kisha wachemshe yatokote kwa dakika 30. Mama yeyote wa Kipare anayapita masharti hayo kabla hata hajakata kitunguu.

Jambo moja ningependa ulishike, kwa sababu linawahusu hata wapishi wazoefu: moto wa uvuguvugu ni mbaya kuliko watu wanavyodhani. Maharage yaliyokaa kwenye joto la nyuzi 80 bila kutokota yanaweza kuwa na ukali hata mara tano ya mabichi. Kwa hiyo mkaa ukiisha katikati na sufuria ikabaki inafuka tu, usionje "kama yameiva". Wenye vikapu vya kuhifadhi joto, vile vya kupunguza mkaa, wayachemshe kwanza yatokote kwelikweli kwa nusu saa ndipo wayafunike. Na wewe uliye Arusha, karibu mita 1,400 juu ya bahari, maji yako yanatokota kwenye nyuzi 95 hivi, siyo 100 kama ya Tanga. Kwa sababu hiyo maharage ya huko yanachelewa kuiva, na ndiyo sababu watu wanakimbilia magadi. Magadi yanalainisha kweli, ila yanaua vitamini B1 iliyomo. Sufuria ya presha inafanya kazi hiyo vizuri zaidi, na lektini haiponi humo.

Kujaa gesi ni habari nyingine kabisa. Maharage yana sukari zinazoitwa rafinosi na stakiosi, ambazo binadamu hatuna kimeng'enya cha kuzivunja. Zinapita nzimanzima hadi utumbo mpana, bakteria wanazila, wanatoa gesi. Inaudhi, hasa ukiwa kwenye daladala, lakini hakuna kinachotoboka. Kumwaga maji ya kulowekea kunapunguza.

Tuje kwenye ukuta wenyewe, maana unazungumziwa na watu ambao hawajui ulivyo. Ndani ya utumbo kuna safu moja tu ya seli. Moja! Ukiikunjua mikunjo yote, eneo lake linakaribia mita za mraba 32. Wewe ni fundi, utanielewa nikisema ni kama vigae vya bafuni: kinachozuia maji yasipenye si kigae peke yake, ni ile gundi kwenye maungio. Seli zina maungio ya protini yanayofunguka na kufunga, na juu yake kuna ute unaowaweka bakteria mbali. Lakini ukuta huu, tofauti na wa kwako, unajijenga upya kila siku 3 hadi 5. Seli kuukuu zinadondoka, mpya zinapanda kutoka chini. Ujenzi wa kasi hiyo unahitaji chakula.

Nacho kinatoka wapi? Kwenye utumbo mpana sehemu kubwa hutoka kwa bakteria. Wanapokula nyuzinyuzi na ule wanga uliotushinda kumeng'enya, wanatoa asidi fupi, na mojawapo, butireti, ndiyo nishati kuu ya seli za ukuta wa utumbo mpana. Nyuzinyuzi hizo zimo kwenye maharage, dona, ulezi, mbaazi na ndizi za kupika. Yaani vitu ulivyoviacha.

Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya jaribio ninalolipenda sana. Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na watu 20 wa vijijini KwaZulu, Afrika Kusini, walibadilishana vyakula kwa wiki mbili. Wamarekani walipandishwa kutoka gramu 14 za nyuzinyuzi kwa siku hadi 55. Wale wa KwaZulu wakashushwa kutoka 66 hadi 12, wakaongezewa nyama na mafuta. Ndani ya wiki hizo mbili, butireti ya Wamarekani ilipanda kama mara mbili na nusu na dalili za uvimbe kwenye utumbo zikapungua. Kwa wenzao mambo yalikwenda kinyume. Ukisoma orodha ya vyakula vyako vya sasa, utaona umejipeleka upande wa waliopoteza, tena kwa hiari yako na kwa gharama kubwa kuliko maharage.

Nimebakiza kidonda chako. Vidonda vya tumbo havikai kwenye utumbo mpana. Viko kwenye mfuko wa chakula au mwanzo kabisa wa utumbo mdogo, na asili yake kwa wagonjwa walio wengi ni moja kati ya mbili. Ya kwanza ni bakteria H. pylori, ambao Barry Marshall na Robin Warren waliwagundua mjini Perth, Australia, mwaka 1982, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Ya pili ni dawa za maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huzuia kemikali zinazosababisha maumivu, ila kemikali za jamii hiyohiyo ndizo zinazoamuru tumbo litengeneze ute wa kujikinga na asidi. Umeufukuza ute, halafu unalaumu mboga.

Nenda hospitali wakupime H. pylori kwa choo au kwa pumzi. Kama unatumia omeprazo, ile dawa ya kupunguza asidi, mwambie daktari mapema, maana inatakiwa isimamishwe wiki mbili kabla, la sivyo kipimo kinaweza kudanganya. Ukikutwa nao utapewa antibayotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida kwa siku 14, na uzimalize zote hata kama maumivu yameisha siku ya nne. Mwambie pia habari ya mgongo akutafutie dawa nyingine. Na kwa kuwa umekonda, usisubiri mwezi ujao. Ukiona choo cheusi chenye kunata, au ukatapika damu, hiyo ni safari ya siku hiyohiyo.

Maharage yarudishe taratibu. Anza na choroko zilizopondeka, au kunde laini, kikombe nusu, maji ya kutosha, kisha uongeze. Kama chakula fulani kinakuumiza wewe kila ukikila, kiache. Hilo sina ugomvi nalo. Pilipili, kwa mfano, haileti vidonda, lakini inaamsha mishipa ileile inayohisi kuungua, na mwenye kidonda hana sababu ya kujitesa.

Mama, hujambo. Mtoto wangu ana mwaka mmoja na miezi minane. Anaharisha mara kwa mara na kadi yake ya kliniki uzito hausogei. Namtengenezea unga wa lishe: mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, soya, karanga, mbegu za maboga na dagaa, vyote nasaga pamoja vikiwa vikavu. Jirani yangu, bibi wa Kichaga, anasema nauharibu, niweke kimea na niuache uchache kwanza. Mimi naogopa uji uliochacha utamzidishia kuharisha. Mama wa Himo.

Sijambo, mama. Msikilize bibi.

Huo mchanganyiko wa vitu tisa umeenea nchi nzima, na sijui nani aliyetuaminisha kwamba vikiwa vingi ndivyo lishe inavyokuwa bora. Tuanze na soya, maana ndiyo inayonitia wasiwasi. Soya mbichi, hata ikisagwa laini vipi, ina vizuizi vinavyozuia mwili kumeng'enya protini, pamoja na lektini zake. Uji wa dakika kumi hauzimalizi. Soya ichemshwe kwanza, imenywe, ikaushwe, ikaangwe, ndipo ipelekwe mashine. Kama huna muda huo, iondoe. Dagaa wapike kwenye mboga yake, wasikae kwenye unga wiki tatu.

Halafu kuna faiteti. Mbegu na nafaka huhifadhi fosforasi kwa njia hiyo, nayo hushikana na madini ya chuma na zinki kiasi kwamba mtoto anameza madini yakiwemo, yanatokea upande wa pili yakiwemo. Zinki ndiyo inayosaidia ukuta wa utumbo ujirudishe baada ya kuharisha. Tangu 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanaelekeza mtoto anayeharisha apewe zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14, pamoja na maji ya chumvichumvi. Kiulize kituo cha afya, kisikuache uondoke bila hizo.

Bibi anajua dawa ya faiteti ingawa huenda hajawahi kusikia jina lake. Ulezi ukilowekwa ukaota, yaani kimea, mbegu yenyewe inaamsha kimeng'enya cha kuivunja. Kuchachusha kunaendeleza kazi hiyo. Kimea pia kinakata wanga, kwa hiyo uji mzito unalegea bila kuongezwa maji, na mtoto mwenye tumbo dogo anapata chakula zaidi kwa kikombe kilekile. Hiyo ndiyo togwa, na ukienda Iringa au Songea hakuna atakayekushangaa ukimpa mtoto.

Hofu yako ya kuharisha ninaielewa, lakini imeshafanyiwa uchunguzi na watoto walikuwa wetu. Mwaka 1997 yalichapishwa matokeo ya watoto wa Kitanzania waliokuwa na kuharisha kukali. Walinyweshwa sukari mbili, moja ndogo inayopenya ukuta wa utumbo kwa kawaida, nyingine kubwa ambayo haipiti mpaka ukuta uwe umelegea, kisha mkojo ukapimwa. Waliolishwa uji wa nafaka uliochachushwa, ukuta wao ulianza kukaza haraka kuliko waliopewa uji wa kawaida. Asidi ya maziwa inayotokana na kuchachusha pia inawabana bakteria wabaya.

Fanya hivi: ulezi au mahindi, mbegu ya jamii ya kunde aina moja iliyokwisha pikwa au kukaangwa, na karanga kidogo. Pika uji uive, uache upoe hadi uvumilike kidoleni, tia kijiko cha unga wa kimea na vijiko kadhaa vya togwa ya jana, funika usiku kucha. Asubuhi uchemshe tena. Ukinuka uchachu mtamu, sawa. Ukinuka uvundo, au ukaona rangi ya ajabu juu, mwaga.

Na karanga uzichambue kwa macho mawili, moja moja. Zilizosinyaa au zenye ukungu hazifai hata kwa kuku, na mahindi vivyo hivyo. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na ilitoka kwenye mahindi ya nyumbani kwao. Sumukuvu haifi kwa kuchemsha. Nikiwa kazini niliona akina mama wakizichagua karanga nzuri za kuuza, mbovu zikasagwa za mtoto. Jambo hilo bado linaniuma.

Uzito usiposogea mwezi huu, usibaki na uji wangu. Rudi kliniki.

Dada, salamu kutoka Leicester. Natunza wazee, narudi nyumbani saa tatu usiku. Nimenunua lile sufuria la umeme linalopika polepole mchana kutwa. Naweka maharage mekundu asubuhi, jioni nakuta yamelainika vizuri, lakini mara mbili mimi na mwenzangu wa chumba tumetapika. Tumeambiwa ni virusi.

Salamu zimefika, mdogo wangu. Sikukuona wala sikukupima, lakini rudi kwenye barua ya fundi, usome pale kwenye nyuzi 80. Masufuria hayo mengi hayafiki kutokota, na maharage yanaweza kulainika mdomoni huku lektini ikiwa hai. Loweka usiku, mwaga maji, yatokotishe kwenye jiko la kawaida kwa dakika 30, kisha yaingie kwenye sufuria lako. Au nunua ya kopo, usione aibu. Yamepikwa ndani ya kopo kwa joto kubwa kuliko la jiko lako. Yaoshe chumvi, kisha uyaunge kwa tui.

Shikamoo mama. Naambiwa watafiti wamethibitisha kuwa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, inatibu utumbo. Pia rafiki zangu wenye vidonda wanakunywa juisi ya kabichi mbichi kila asubuhi. Kati ya hivyo viwili kipi bora? Mzee kijana, Marangu.

Marahaba, mzee kijana. Najua jibu unalolitaka.

Utafiti upo. Ulitoka Aprili 2025 kwenye jarida la Nature Medicine, ukifanywa na watafiti wa hospitali ya KCMC hapo Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi. Wanaume 77 wa mkoa huohuo wako. Wa vijijini walihamishiwa chakula cha kizungu kwa wiki mbili: soseji, mkate mweupe, chipsi na mengineyo. Wa mjini wakarudishwa kwenye vyakula vya kwao vya asili. Kundi lingine lilipewa mbege kwa wiki moja. Waliokula kizungu, protini za uvimbe kwenye damu zilipanda na kinga ikafanya kazi kwa ulegevu. Waliorudi kwenye vyakula vya asili, na wale wa mbege, uvimbe ulipungua, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye.

Lakini walichopima ni damu, si kidonda cha mtu. Kutoka hapo hadi "mbege inatibu utumbo" ni mwendo wa Marangu hadi Kibo, na umeukata ukiwa umekaa kilabuni. Mbege ina ulezi na ndizi, ina bakteria wa kuchachusha, na ina pombe. Pombe ikizidi inauchubua ukuta uleule unaotaka kuulinda. Mwenye kidonda akae mbali nayo.

Kabichi ina hadithi ya mwaka 1949. Daktari Garnett Cheney wa California aliwapa wagonjwa 13 wa vidonda juisi ya kabichi mbichi, akaandika kwamba walipona upesi. Ni watu 13, hapakuwa na kundi la kulinganisha, na H. pylori alikuwa hajajulikana bado. Juisi haitakudhuru ukiiosha kabichi vizuri, isipokuwa itakujaza gesi, ila isichukue nafasi ya antibayotiki.

Kama unataka kitu cha Marangu chenye ushahidi wa ukuta wa utumbo, ni ndizi mbichi ya kupika. Huko Bangladesh watoto wenye kuharisha kusikoisha walipewa ndizi mbichi zilizopikwa, na watafiti wakakuta kuharisha kumepungua na utumbo mdogo hauvuji kama mwanzo. Wanga wake mwingi haumeng'enywi, unashuka kwa bakteria, na wao wanatoa asidi zilezile nilizomweleza fundi. Kiburu kina hizo ndizi na maharage kwenye sufuria moja. Wewe umezungukwa na migomba unaniuliza habari za kabichi.